Waya wa Ubavu wa Kumi na Nne

Symphorien Mwamba hakuiba shaba ya ndege. Wanaorudia habari hiyo sokoni Likasi hawakuwepo siku ile. Josée, mkewe, alikuwepo.

Symphorien alikuwa fundi umeme wa kiwandani kwa miaka tisa kabla ya kuhamia karakana ya ndege ndogo. Huko alijifunza jambo lililomfanya asahau chakula mezani: ndege ikiwa angani haina ardhi ya kupokea umeme. Mwili wake wenyewe ndio ardhi yake. Kwa hiyo kila kipande hufungwa kwa kingine kwa waya wa shaba uliosukwa bapa kama utepe, ili radi ikipiga puani ipite hadi mkiani na kutoka, aliyeketi ndani asidhurike. Na kila waya una mahali pake. Mbavu za ndege zina namba kama nyumba za mtaa, na mchoro husema ufungwe ubavu upi.

Siku moja alikuta waya uliochakaa umefungwa ubavu wa kumi na tano, tena juu ya rangi, na rangi huzuia umeme. Mchoro ulisema kumi na nne. Akakwangua hapo hadi pakang'aa, akafunga mpya.

Josée, mwalimu wa fizikia, alikuwa amemwomba waya mkuukuu awaonyeshe wanafunzi. Symphorien akautia ule uliochakaa mfukoni bila karatasi ya ruhusa. Hilo ndilo kosa, na ni la wote wawili.

Langoni mlinzi alimpekua. Katika mji wa shaba, waya mfukoni unatosha kumfanya mtu mwizi.

"Papa Noëlla, ndege ya kesho itaruka na nini? Na sala?" mlinzi alimuuliza, akimwita kwa jina la bintiye.

Watu wakacheka. Symphorien akaeleza waya ulikokuwa unakwenda, basi Cyrille, mkuu wa karakana, akaagiza Josée aitwe, kisha akafungua kifuniko ubavuni mwa ndege. Josée akachungulia. Mbavu zilifuatana hadi macho yasipofika, kila moja na namba yake, na mume wake alizijua zote kwa kichwa. Cyrille akaweka kipimo kwenye waya mpya: ukinzani karibu sifuri, yaani umeme unapita bila kizuizi.

"Iko bien, iko sawa," alisema. "Mwizi ni nani hapa?"

Symphorien alipewa onyo la maandishi, akafanya kazi palepale hadi alipofariki mwaka juzi.

Watu bado wanamuuliza Josée jina la mlinzi. Mlinzi naye ana watoto shuleni, na jina lake likitajwa wao ndio watakaochekwa.

"Miye sitalisema," huwajibu.