Tepu ya LaVonne na majina chini ya sahani

Saa moja asubuhi, katika jiko la ghorofa ya chini ya kanisa moja mjini Chisholm, kaskazini mwa Minnesota, LaVonne Kangas anaingiza roli ya tepu ya karatasi ndani ya maikrowevu. Kando yake anaweka kikombe cha maji. Anabonyeza, anahesabu kwa midomo bila sauti, kisha anafungua mlango kabla mashine haijalia.

Anaigusa kwa kidole. Bado. Anairudisha.

"Ukiwa na pupa inakudanganya," anasema. "Mkononi itanata vizuri sana. Ikikutana na maji ya moto, inakuaibisha mbele za watu."

Mara ya tatu ncha inakubali kuachia. Anaivuta taratibu, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda cha mtoto, na safari hii haichaniki. Tepu iliyokauka miaka mingi ndani ya droo ya jikoni ya mtu aliyefariki imeanza kunata tena.

Curtis Zupan, mtunza jengo, anapita na ufagio wake. "Haya, dada LaVonne, umeshafufua wangapi leo?"

"Nimefufua wawili. Wewe ni wa tatu, lakini naona gundi imekwisha kabisa."

Curtis anacheka hadi ngazini. Baada ya hapo kinachosikika ni bomba la kupashia joto likigonga ukutani.

LaVonne ana miaka sitini na minne. Alifanya kazi kantini ya mgodi wa chuma mpaka zamu za usiku zilipofutwa, kisha za mchana. Sasa kanisa linamlipa dola kumi na mbili kwa saa, saa chache tu kwa wiki, asafishe jiko na kuchambua vitu vinavyoletwa wazee wanapofariki na nyumba zao kufungwa. Watoto huja kutoka Minneapolis kwa siku mbili, huchukua picha na saa za ukutani, na vilivyobaki huvileta hapa kwenye maboksi.

Katika kila boksi kuna vilivyotoka kwenye droo ile ambayo kila nyumba inayo: betri, kamba, funguo zisizojulikana mlango wake, na tepu. Selotepu iliyogeuka rangi ya chai yeye huipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, nayo hufaa kufungia zawadi tu. Ile pana ya kijivu, kama kingo zimeshikana, huikata pembeni kwa kisu chembamba. Ila tepu ya karatasi ndiyo anayoipenda, kwa sababu ndiyo inayoandikika.

Mji huu, mtu akifa, kila nyumba hupika. Viazi na nyama ya kusaga, tambi za jibini, mkate mtamu wa kokwa za jozi unaoitwa potica. Chini ya kila bakuli mwenyewe hubandika kipande cha tepu chenye jina lake, ili matanga yakiisha chombo kirudi kwao. Aliyekuja bila jina hupewa tepu na kalamu kwenye meza ya LaVonne mlangoni.

"Mimi niliwajua watu wote wa hapa kwa chini ya sahani zao," anasema. "Namjua mtu kwa mwandiko kabla sijaiona sura yake."

Msimu wa majani kuanguka uliopita, tepu yake ilimwangusha. Palikuwa na msiba mkubwa, vyombo vilijaa meza tatu, na akiba ya tepu ikaisha. LaVonne akaweka roli nne kwa pamoja kwenye maikrowevu na kuziacha zaidi ya kipimo chake. Gundi ikayeyuka na kukimbilia kingoni. Mabakuli yalipoingia kwenye sinki, majina yakaanza kuelea juu ya povu, moja baada ya jingine.

Vyombo vikaenda kwa makisio. Bakuli la bluu ambalo Bernadine Prebich, mwenyekiti wa kamati ya jiko, alilirithi kwa mama yake, liliondoka na wageni wasiojulikana. Halijaonekana mpaka leo.

"Sikumfokea," anasema Bernadine, mama mrefu anayeongea akiangalia dirishani. "Labda ningemfokea ingekuwa nafuu. Mama alilipikia bakuli lile miaka hamsini. Halafu linapotea kwa sababu mtu anaona uchungu kununua tepu mpya?"

Mwanzoni mwa mwezi huu kamati ilitoa uamuzi: msiba unaofuata uwe wa mwisho wa kujaribu. Jina moja likitoka, meza ya LaVonne iondolewe, na saa zake za kazi ziondoke nayo.

Fedha si nyingi, ingawa ndizo humlipia gesi ya kupashia nyumba joto. Lakini mumewe, Wendell, alifariki miaka sita iliyopita, na hofu ya LaVonne si gesi.

"Wakiniondoa hapa nitabaki naongea na televisheni," anasema. "Na televisheni hainijibu hata nikiitukana."

Msiba unaofuata ni wa Raymond Niemi, dereva mstaafu wa malori ya mgodini. Kwa wiki nzima LaVonne amejaribu tepu zake. Anabandika kipande chini ya sahani, anaandika jina lolote, anaiosha kwa maji yanayounguza, anasugua. Kinachotoka kinatupwa pamoja na roli yake. Zimebaki roli tano anazoziapia.

Jumamosi anafika kabla ya wote. Amevaa sweta yake ya msibani. Amepanga tepu na kalamu mlangoni, na juu ya kila kaunta ameweka vitambaa vya kupokelea vyombo vya moto.

Watu wanashuka ngazi wakikung'uta theluji miguuni. Wa kwanza ana trei ya foili, ile ya kutupa, yenye kuku wa dukani. Wa pili vilevile. Mpwa wa marehemu anakuja na boksi la sandwichi zilizoagizwa.

"Nikuandikie jina, mwanangu?" LaVonne anamuuliza.

"La nini, mama? Zikiisha tupeni tu."

Anakaa na kalamu mkononi. Mpaka ibada inaisha juu na watu wanashuka kula, mabakuli ya kweli ni manne. Mawili ni ya wanakamati wenyewe. Moja ni la jirani wa Raymond, bibi wa miaka tisini aliyebebewa bakuli lake na Curtis. La nne ni la LaVonne.

Baada ya chakula Bernadine anakunja mikono ya gauni, anafungulia maji ya moto mpaka mvuke unaficha kioo cha dirisha. Anasugua chini ya bakuli la bibi kwa brashi ngumu. Anasugua tena. Jina limekaa. Anachukua la pili, la tatu, la nne. Yote yamekaa.

"Haya," anasema. "Imeshika."

"Imeshika," anaitikia LaVonne.

Hakuna anayefurahi. Nyuma yao Curtis anasokomeza trei za foili kwenye mfuko wa taka, na mlio wake unajaza jiko.

"Sikiliza, mwenzangu," Bernadine anasema, na kwa mara ya kwanza tangu bakuli lipotee anamtazama usoni. "Tepu yako haina kosa. Lakini umeona mwenyewe. Tutakulipa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Meza tutaiondoa, maana hakuna tena kinachobandikwa."

"Afadhali ungeniambia jina limetoka, Bernadine. Ningejua la kujibu."

Bernadine anachukua kitambaa, anaanza kukausha mabakuli manne. Anakausha kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Jumatatu LaVonne yuko jikoni tena, kwa kuwa muda aliopewa haujaisha. Ardhi ya Chisholm imeganda na jembe haliingii. Waliofariki kipindi hiki cha baridi, Raymond akiwemo, wamehifadhiwa wakisubiri makaburi yao mpaka theluji iyeyuke, na siku ya kuwazika familia zitarudi na watu watakula tena. Huko ndiko alikoweka tumaini lake, dogo kama lilivyo: mabakuli ya kweli yakirudi, huenda na meza yake ikarudi. Anapanga kuzipigia simu familia zote kabla hazijaagiza chakula.

Anampigia binti wa marehemu mmoja, huko Minneapolis. Binti anasema wameshawaza sandwichi, ni rahisi kwa kila mtu.

"Najua ni rahisi, mwanangu," LaVonne anasema kwenye simu. "Lakini mama yako alikuwa na sahani kubwa nyeupe, na mwandiko wake wa kulalia kushoto. Mmoja wenu si anayo? Ipikieni kitu. Chochote. Hata viazi vitupu. Jina nitaliandika mimi."

Binti anasema hajui sahani hiyo iko wapi, ila atamuuliza kaka yake.