Bado Yangu

Mwalimu wetu wa kungfu alikuwa Mchina aliyekuja Unguja kununua mwani wa Jambiani, akaishia kupanga nyumba Kikwajuni na kutufundisha uani kwake. Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili tu: bado na basi. Ukikosea, bado. Ukipatia, basi, unakwenda kukaa kivulini unywe maji.

Mwanafunzi wake wa kwanza nilikuwa mimi. Kila baada ya laasiri nilifunga duka langu la misumari na vitasa pale Darajani, nikaenda kukunja magoti na kukaa hewani kama mtu anayekuna nazi aliyenyang'anywa mbuzi. Mkao huo wenyewe tuliuita mbuzi. Mwalimu alinizunguka, akanigusa goti kwa bakora yake ya henzerani. "Bado." Mapaja yananiungua, jasho linaniingia machoni. "Bado."

Kisha nikamleta mdogo wangu. Nilimleta mwenyewe, kikulacho ki nguoni mwako. Hata hajazoea njia ya kufika, akakaa mbuzi yake, mwalimu akamtazama, akasema, "Basi." Mdogo wangu akaenda kunywa maji. Mimi nikabaki nimechuchumaa.

Nilimwonea wivu, sina haja ya kuupamba. Mama naye akawa hana jingine ila nyota njema huonekana asubuhi, utadhani mimi nilizaliwa usiku. Mwezi wa Ramadhani, mwalimu alipokuja kwetu wakati wa futari, niliangalia tu ataketi upande wa nani.

Mwalimu alipougua na kuamua kurudi kwao, bakora alimpa mdogo wangu. Mimi alinishika bega, akanitazama sana. "Bado," akasema.

Habari ya kifo chake ilipokuja, mimi na mdogo wangu tulikaa katika ua ule ule, nyumba ameshaipanga mdogo wangu, Mama akatuletea kahawa.

"Kaka," mdogo wangu akaniambia, "mie zamani nkikuonea kijicho."

"Wewe? Kwa lipi?"

"Mie mwalimu akinambia basi, ndo kanimaliza, nnakwenda kunywa maji. Kwako habanduki mpaka adhana ya magharibi. Mie hajanambia bado hata siku moja."

Nilifurahi, tena sana. Lakini furaha yenyewe haikudumu zaidi ya ile kahawa.

Siku hizi ua umejaa watoto, na mwalimu ni mdogo wangu. Mimi bado nakwenda nikishafunga duka. Juzi nilifika nikakuta msichana mmoja amekaa mbuzi, magoti yanamtetemeka. Mdogo wangu akamzunguka, akamgusa goti kwa bakora. "Bado," akamwambia, kwa sauti ile ile, ameikata mwishoni kama Mchina mwenyewe.

Nilisimama mlangoni, viatu mkononi. Bakora nilishamwachia. Jina la mwalimu nilishamwachia. Neno lile lilikuwa langu.

Nikaingia, nikakaa mbuzi kando ya yule msichana, nikamsubiri mdogo wangu afike kwangu. Akaja. Akanizunguka, akalitazama goti langu la kushoto, ambalo halijapata kukaa sawa tangu zamani. Akainua bakora, kisha akaishusha.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Nikamjibu marahaba. Akapita kwenda kwa mwengine, nami nikabaki pale, magoti yananiungua, na hakuna tena wa kuniambia bado.