Ukungu Katika Saa ya Mwalimu

Mume wangu ni fundi saa, na kutilia watu shaka ndiyo kazi yake ya pili. Mtaani wanamwita Thibitisha. Ukimwambia chai iko tayari, atataka kwanza alione birika. Nimeishi naye miaka thelathini na moja, na msinionee huruma, nami nina mdomo wangu.

Yote yalianza mwalimu mmoja mstaafu aliporudisha saa yake akidai imefungwa kwa skrubu isiyo yake. Yaani mume wangu kawa mwizi wa skrubu. Akaapa mbele ya watu: akipata lawama nyingine ya namna hiyo, anafunga kibanda. Na kibanda kile ndicho kinachotulisha, tena ndicho kinachomwamsha asubuhi. Basi akanunua kamera iliyotumika na lenzi ya kupigia vitu vidogo. Mashine ya kila saa itapigwa picha kabla ya kutengenezwa na baada ya kutengenezwa, tuone nani mwongo. Ataanza na hiyo hiyo ya mwalimu.

Binti wa studio ya jirani, anayepiga picha za paspoti, akakubali kumfundisha.

"Mzee, ukisogea karibu hivi huku tundu la lenzi likiwa kubwa, kisehemu chembamba tu ndicho kinachoonekana vizuri. Mbele yake na nyuma yake panafifia. Ukitaka mashine nzima ionekane, punguza tundu. Nenda namba kumi na sita."

"Nipunguze kwa kuongeza namba?"

"Ndiyo. Namba kubwa, tundu dogo."

Akanigeukia. "Unamsikia huyu? Ananichezea shere."

Alipopunguza tundu, picha ikawa giza. Akaambiwa apandishe kidogo ISO, ile namba ya kuongeza mwanga, akaipandisha mpaka mwisho, picha ikajaa chenga kama imemwagiwa mchanga, akasema muuza kamera kamtapeli. Binti akamrekebisha kwa upole: ISO irudi chini, kamera ikae kwenye stendi, lenzi iachwe wazi sekunde mbili nzima, naye asiiguse. Alihangaika wiki tatu. Kila picha ilikuwa na ukungu katikati, na kila ukungu ulikuwa wangu. Eti nimetikisa stendi. Nimefuta lenzi kwa kitambaa cha jikoni. Mimi huyu, ambaye hata kiti chake sikisogezi.

Jumamosi moja uvumilivu ukaniishia. Nikabeba kamera hadi studio, yeye nyuma yangu akinilinda nisibadilishe kitu, tukaifungua picha ya saa ya mwalimu kwenye kompyuta.

"Haya mzee," binti akasema, "nionyeshe ukungu uko wapi."

Akaweka kidole kwenye skrubu ya juu. Nikainama kuangalia. Ilionekana vizuri kabisa, hata mkwaruzo wa bisibisi kichwani mwake niliuona.

"Na hapa kwenye gurudumu?"

Akahamisha macho, kisha kidole. "Hapa pia. Umehamia huku."

Binti akanitazama, nami nikamtazama. Ukungu wa picha hauhami. Unaohama ni wa jicho.

"Mbona mnatazamana? Mmepanga nini nyie?" Akanikazia macho. "Wewe, unaona nini hapo?"

Niliogopa. Nilijua nikisema kweli nitakuwa nimekifunga kibanda kwa mdomo wangu mwenyewe. Ningeweza kusema naona ukungu. Angefurahi, angemrudishia muuza kamera lenzi yake pamoja na matusi, na Jumatatu angefungua kama kawaida.

"Naona kila kitu," nikamwambia. "Meno ya gurudumu naweza kuyahesabu. Picha yako haina kasoro, mume wangu. Na hii skrubu ya kushoto haifanani na nyingine."

Nikasubiri aniite mwongo. Nilitamani sana aniite mwongo. Hakuuliza mara ya pili. Alivua miwani, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni.

"Nishike mkono," akasema. "Twende kwa mwalimu, nikamwombe radhi."