Siku Shangazi Alipoisemea Filamu

Filamu yangu ya kwanza ilimhusu shangazi yangu, dada wa baba, aliyejifunza kuendesha tuktuk akiwa tayari ana wajukuu. Mumewe alifariki akaiacha tuktuk uani kwao, Shella, Malindi. Shangazi alipotoka eda, wanawe walitaka kuiuza. Yeye akasema ataiendesha mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nina simu tu yenye kamera nzuri. Nikamwomba nimrekodi akijifunza. Alikubali kwa sharti kwamba siku ya kuonyeshwa naye awepo.

Tamasha dogo la filamu lilipoipokea kazi yangu, tulisafiri pamoja hadi Kilifi. Lilifanyika mchana katika ukumbi mmoja wa Kibarani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Shangazi, katika buibui lake jipya, alichagua kiti cha nyuma karibu na mlango.

"Nipate pa kutokea wakinicheka," alisema.

Filamu za wenzangu zilikwenda vizuri. Yangu ilipoanza, spika zikakoroma, kisha zikanyamaza. Shangazi alionekana akiigonga ndoo ya jirani kwa tuktuk, jirani akifoka, na hakuna kilichosikika. Fundi alihangaika na nyaya mpaka watu wakaanza kuinuka. Mwandalizi, dada mpole, akanijia.

"Pole sana. Tuiweke kesho."

Kesho shangazi asingekuwepo; jioni ile ile tulikuwa turudi Malindi. Nilikuwa nikitafuta la kujibu nilipomsikia nyuma yangu.

"Picha zaonekana?"

"Zinaonekana, mama," mwandalizi akajibu.

"Basi anzeni upya. Maneno nitasema mimi."

Akapita katikati ya viti, akasimama kando ya shuka. Alianza kwa sauti ndogo. "Huyu ni mimi. Na hiyo ndoo nilimnunulia nyingine, msidhani." Ukumbi ukacheka, waliosimama wakaketi. Hapo akapata nguvu. Akamwigiza aliyemfundisha, jinsi alivyokuwa akishikilia kiti na kusoma dua kila kona. Akawaigiza na wanaume wa barazani waliokuwa wakimwambia arudi jikoni.

Kisha ikaja sehemu ambapo ameketi peke yake kwenye usukani, injini imezimwa. Mimi nilikuwa nimeiwekea muziki wa taratibu, nikidhani siku ile alikuwa amechoka. Shangazi akaisogelea sura yake ukutani.

"Hapa nilikuwa nanusa," alisema. "Kiti kilikuwa bado kina harufu ya mafuta ya nywele ya marehemu. Nikawaza, nikiketi hapa kila siku harufu itaisha. Na nisipoketi, je? Nikakaa nikanusa mpaka nikatosheka. Ndipo nikawasha."

Kwenye shuka, tuktuk ikaondoka ikiyumba, na ukumbi mzima ukapiga makofi kana kwamba ndiyo kwanza inaondoka.

Filamu ilipokwisha wanawake walimzunguka. Mmoja, mkulima wa huko Kibarani, alimshika mkono. "Nami miguu yangu mifupi, nitaifikia breki?"

"Utaweka mto mgongoni. Mimi nauweka."

Njiani kurudi nilimuuliza mbona hakuwahi kuniambia habari za ile harufu.

"Hukuniuliza, mwanangu. Kazi yako ilikuwa kuniambia nisitazame kamera."

Juma lile lile niliuondoa muziki. Tulifunga mlango wa chumba chake, akaketi kitandani, akaisemea filamu yote tena, safari hii mimi nikiuliza na kurekodi. Sasa tumeionyesha Mambrui na Ngomeni, shangazi akiendesha, mimi nimeketi nyuma nimekumbatia projekta. Kila tunapofika huulizwa swali jipya, naye hujibu kwa jambo ambalo mimi silijui.

Majuzi yule mama wa Kibarani alinitumia video fupi. Anazunguka uwanja wa mpira kwa tuktuk ya shemeji yake, polepole sana, mto mwekundu mgongoni. Chini ameandika: njoo na kamera, na shangazi aje aone ninavyokata kona.