Modemu ya Zamani Ilivyonitolea Ushahidi

Wiki mbili zilizopita, kompyuta niliyoitupa stoo tangu ujana wangu iliwaka na kunitolea ushahidi.

Sitii chumvi. Iliniambia, kwa saa na dakika, kwamba kosa nililoliombea msamaha miaka ishirini na mbili halikuwa langu.

Someni taratibu. Na mimi nitaandika taratibu, maana nimechoka na hii si stori ya kukimbizana.

Mimi ni fundi kompyuta. Siku hizi ni fundi kwa jina tu, kazi yenyewe ni kubadilisha vioo vya simu. Nina meza moja, feni moja inayozunguka ikijisikia, na mgongo unaouma kuanzia saa nne asubuhi.

Basi akaja mama mmoja mchangamfu, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Akasema yeye ndiye mtafuta vifaa wa filamu fulani inayopigwa hapa mjini.

"Fundi, nimeambiwa una modemu ya zamani. Ile ya kupiga simu."

"Ninayo. Ya nini?"

"Tunataka ile sauti yake. Na kompyuta ya enzi hizo, kama unayo."

Kwa mliozaliwa juzi, ngoja niwaeleze. Zamani intaneti ilipita kwenye waya wa simu ya nyumbani. Kompyuta inapiga namba kama mtu, kule inapokelewa, halafu mashine mbili zinazomeana krii, kroo, shhhh, mpaka zielewane. Ukishaingia, simu ya nyumba imeshikwa. Anayepiga kutoka nje anakuta inatumika.

Na mtu wa nyumbani akiinua tu mkono wa simu kule sebuleni, wewe huku chumbani umekatika. Unaanza upya.

Mama yangu alilijua hilo kuliko mimi. Akinihitaji, hahangaiki kuja kunigongea mlango. Anainua mkono wa simu, anahesabu moja mbili, anaurudisha. Natoka chumbani nimevimba kama andazi, namkuta ametulia, hana hili wala lile.

"Umekuja mwenyewe, mwanangu? Hebu kaanue nguo."

Nikapeleka vifaa kwenye filamu. Walikuwa wamepanga nyumba, chumba kimoja wamekifanya cha kijana wa enzi zile. Mabango ukutani, kanda mezani, kitanda hakijatandikwa. Walikuwa wamekipatia, nisiwe mchoyo.

Tatizo lilikuwa mchezo wenyewe.

Kijana wao anakaa, anagonga kibodi kama anakaanga bisi, sauti inalia sekunde mbili, kioo kinajaa maandishi ya kijani, anaruka juu: "Nimeingia!"

Nikacheka. Muongozaji akanigeukia.

"Vipi, Mzee wa Modemu?"

Nina miaka arobaini na mmoja, lakini pale nilikuwa mzee.

"Haikuwa hivyo, bosi. Ukipiga, unasubiri. Ikiingia, unasubiri. Picha moja inashuka mstari kwa mstari, unaona nywele, unaenda kuoga, unarudi unakuta imefika kwenye pua."

"Sasa muda wote huo mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunasubiri."

"Watazamaji watalala."

"Hata sisi tulikuwa tunalala."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka, kwa sababu lile neno lilinichoma mwenyewe.

Niliwahi kulala kweli.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa amelazwa, siku ya sita. Dada yangu mkubwa alikuwa naye hospitali. Mama alikesha kule, akarudi mchana amechoka hoi, akajilaza sebuleni.

Mimi nilikuwa chumbani kwangu na picha yangu inayoshuka mstari kwa mstari. Nikalala kichwa kwenye kibodi.

Baba akaanza kuniulizia. Mimi, kwa jina. Dada akaenda kwenye simu ya kadi pale koridoni, apige nyumbani niende. Inatumika. Akarudia. Inatumika. Kuanzia saa tisa na nusu mpaka karibu saa kumi na moja, simu ya nyumbani inatumika.

Baba akaondoka akiwa anatazama mlango.

Dada alikuja nyumbani akanikurupusha. Kompyuta ilikuwa bado inawaka mbele yangu, ile picha imeganda nusu. Nani angehitaji ushahidi mwingine?

"Amekuulizia mara saba!" alinipigia kelele. "Mara saba! Wewe na mtandao wako!"

Tangu siku ile, dada huongea na mimi kwa sababu ya mama tu. "Dawa zimeisha." Sawa. "Kesho kliniki." Sawa. Ishirini na mbili, jamani, miaka siyo siku. Nimemwomba msamaha kwa mdomo, kwa barua, kwa kupitia wajomba. Anasikiliza, anaitikia, anaenda jikoni.

Na sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilijiona muuaji.

Ndiyo maana niliifungia ile kompyuta stoo. Niliikubali kazi ya filamu kwa shida zangu tu.

Sasa turudi pale. Walikuwa wanabadilisha taa. Nimekaa mbele ya kompyuta yangu mwenyewe, imewaka vizuri, sina la kufanya. Nikaanza kufunguafungua mafaili.

Nikaikuta kumbukumbu ya modemu.

Nilikuwa nimesahau kabisa kitu hicho. Ujana wangu nilikuwa mbishi, nagombana na kampuni ya simu kwamba laini yao ni mbovu. Nikaiweka modemu iandike kila kitu: imeingia lini, imekatika lini, kwa nini. Niliyaandikisha yote hayo, halafu sikuyasoma hata siku moja.

Nikateremka mpaka tarehe ile. Tarehe ile sihitaji kuandikiwa mahali.

Saa nane na dakika arobaini: imeunganishwa.

Saa tisa na dakika sita: imekatika.

Nikasoma tena. Saa tisa na dakika sita imekatika. Dada alianza kupiga saa tisa na nusu.

Chini yake, kompyuta ilikuwa imejaribu kupiga yenyewe mara tatu, mimi nikiwa nimelala. Saa tisa na nane. Saa tisa na kumi. Saa tisa na kumi na mbili. Zote jibu moja: laini haina mlio. Halafu ikaacha.

Fundi yeyote wa zamani atawaambia maana yake. Laini imekatika ghafla, kisha haina mlio: kuna mtu ameinua mkono wa simu ya pili, na hajaurudisha.

Simu ya pili ilikuwa moja tu, sebuleni. Na sebuleni alikuwa mtu mmoja tu.

Mama alinihitaji. Akainua mkono wa simu kama kawaida yake. Ila siku ile, kwa uchovu wa kukesha, usingizi ukamchukua kabla hajafika mbili.

Muongozaji akaita, "Mzee wa Modemu, uko tayari?"

Nilikuwa nalia. Watu wa filamu wakadhani ni kumbukumbu za enzi tamu. Mmoja akanipiga picha.

Kesho yake nikachapisha ule ukurasa, nikaukunja, nikaenda kwa dada. Njia nzima nilikuwa natembea nimenyooka, hata mgongo niliusahau. Nilijiambia leo atanisikiliza. Leo ndiye atakayeomba msamaha. Nilishapanga hadi sauti.

Akafungua mlango. Nywele zake zimekuwa nyeupe pembeni, sijui lini.

"Mama amekula," akasema, kama ndicho nilichokuja kuuliza.

"Nimekuja kwako, dada."

Tukakaa jikoni. Mama alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, mlango wazi, redio chini chini. Nikampa karatasi. Nikamwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari, kwa sauti ya kunong'ona. Hapa nilikatika. Hapa haina mlio. Hapa ndipo wewe ulipoanza kupiga.

Aliitazama kwa muda mrefu. Hakushtuka.

Hapo ndipo mimi nikashtuka.

"Dada. Ulikuwa unajua?"

Akaikunja karatasi vizuri, akaiweka katikati yetu.

"Nilipitia sebuleni kwanza," akasema. "Mama amelala, mkono wa simu uko juu ya mto, pembeni ya shavu lake. Nikaurudisha mahali pake. Halafu ndiyo nikaja kwako."

Nilisikia tu bomba likidondosha tone kwenye sinki.

"Kwa nini?"

"Ningemwambia nini? Mumewe amekufa anaita mtoto, na simu ameifunga yeye? Angekufa wiki hiyo hiyo. Wewe ulikuwa kijana. Nikaona mzigo huo utaubeba."

"Sawa, ungenibebesha. Lakini hasira zile? Miaka yote hii umeninyima hata salamu ya maana!"

Akajifuta macho na kiganja.

"Ilibidi nimkasirikie mtu, mdogo wangu. Yeye sikuweza. Na wewe kila ukija kuomba msamaha, nakosa pa kuweka uso. Ningekuambia vipi nimekusamehe, kosa huna?"

Nilitaka kusimama nipige meza. Miaka ishirini na mbili! Nimeoa dada hakucheka. Mwanangu amezaliwa, dada alikuja dakika kumi akaondoka. Nilitaka nyumba nzima isikie.

Mdomo ulishafunguka, ndipo mama akaita kutoka sebuleni.

"Mmeanza tena habari za ile simu?"

"Wewe binti," mama akaendelea, sauti imechoka, "mimi nitakufa na hili? Kila siku nakuambia umsamehe mdogo wako. Alikuwa mtoto. Alipitiwa na usingizi tu. Ni nani hapitiwi na usingizi?"

Dada alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu. Alikuwa anasubiri, na mara hii aliyekuwa na uwezo wa kumaliza kila kitu ni mimi.

Nikaichukua karatasi, nikairudisha mfukoni. Nikapiga moyo konde, nikasema kwa sauti ya kufika sebuleni:

"Nisamehe, dada. Nililala."

Akaweka kichwa mezani akalia kama mtoto. Alipoweza kuongea, akasema na yeye kwa sauti, "Nimekusamehe. Na wewe unisamehe mimi."

"Haya," mama akasema kule. "Mngejua nilivyoingoja siku hii." Akaongeza redio.

Juzi walinitumia kipande cha ile filamu. Sauti wameitumia ile ile ya modemu yangu, kijana anaruka, maandishi ya kijani yanamwagika. Watu huko mtandaoni wanalia eti enzi zile zilikuwa tamu. Mimi niliona kitu kimoja tu: kwenye ile filamu hakuna sebule. Hakuna mama wa kuinua simu.

Nitawaambia nililojifunza, halafu niwaache nikalale. Kama kuna mtu umemtwika hasira zako kwa sababu aliyezistahili ulishindwa kumkabili, mpigie leo, simu za siku hizi hazina kisingizio. Na kama wewe ndiye uliyetwikwa, siku ukipata ushahidi wako, kabla hujaufungua, tazama kwanza nani amekaa chumba cha pili.