Mashine Haioni Kijivu

Niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa mtaa wa Kampemba, maana wao huongeza chumvi: ndiyo, ni mimi Clarisse niliyemshukuru mjane kwa feti, yaani sherehe, siku ya kilio cha mume wake, na ndiyo, nilimwahidi viti ishirini vya bure akirudia ndani ya miezi mitatu. Nilikuwepo palepale ujumbe ulipokuwa unasomwa kwenye spika, nimevaa fulana yenye jina la nyumba yetu ya kukodisha viti mgongoni kwa herufi kubwa nyekundu. Aibu imepungua. Hasira haijapungua, na nitawaambia kwa nini, mtaona kwamba sikukosa peke yangu (ingawa aliyebonyeza ni mimi).

Ninafanya kazi kwa Mama Zaina, hapa Kenya, si ile nchi bali komini yetu, mtaa wa jiji la Lubumbashi. Anakodisha viti, mahema, masufuria na spika. Viti ni vilevile vya plastiki nyeupe, leo viko kwenye arusi, kesho kwenye ubatizo, keshokutwa kwenye kilio, nyumbani kwa wafiwa. Ameijenga nyumba hiyo kwa miaka ishirini na miwili, na nguvu yake si viti, viti kila mtu anavyo; watu wanamwendea kwa sababu anajua kuingia kwa watu wenye msiba. Gari lake halipigi honi, na bei haisemwi mbele ya mjane. Familia moja tu ikisema kwamba kwa Zaina hakuna heshima, habari itafika Kampemba siku hiyohiyo, na kazi imekwisha.

Sasa, orodha ya wateja tunaiweka kwenye jedwali la kompyuta: jina, simu, tarehe, idadi ya viti. Hakuna mahali palipoandikwa "arusi" wala "kilio", Mama Zaina alikataa tangu mwanzo. Alisema jina la mtu aliye hai haliandikwi kando ya neno lufu (ndivyo tunavyoita kifo huku kwetu), hata kama ni yeye aliyekuja kukodisha kwa ajili ya marehemu wake. Basi Papa Kalonda, karani wetu wa zamani, akatafuta njia: mstari wa arusi aliupaka kijani, wa ubatizo njano, wa kilio kijivu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ukiona kijivu, unashusha sauti hata kwenye simu.

Papa Kalonda alipostaafu jedwali likawa langu, na muda si mrefu Mama Zaina akanunua programu ya kufuatilia wateja, ile inayotunza namba zao na kuwatumia ujumbe. Muuzaji akaja na shati lake lililopigwa pasi, akatufundisha siku mbili nzima kwamba inafanya yote yenyewe. Uongo mtupu. Kila Jumatatu nilikaa kunakili jina kwa jina, kutoka kwenye jedwali kwenda kwenye programu, na nikikosea tarakimu moja ya simu, ujumbe wa mama wa Katuba unakwenda kwa baba asiyejulikana, naye anapiga kuuliza sisi ni nani na tunamtaka nini. Nikachoka. Nikampigia muuzaji, akasema kumbe ipo njia ya kuviunganisha: mistari ya jedwali inaingia yenyewe kwenye programu, na kila mteja anapata ujumbe wa shukrani. Dakika kumi, alisema. Hakuniuliza hata swali moja kuhusu kazi yetu.

Hapo ndipo nilipoamua jambo langu dogo. Ijumaa mchana nikaunganisha bila kumwambia mtu, na ujumbe wenyewe nikautunga mimi. Nikajaribu na mstari mmoja, nikaandika jina langu mwenyewe, nikaupaka kijani (najioza, kwa nini nisijioze), na ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, mtamu, wenye heshima zote. Nikapanga wateja wa mwezi mzima watumiwe Jumamosi saa nne asubuhi, nikaenda nyumbani ninaimba.

Rangi hazikwenda. Mashine inabeba maneno na namba, rangi inaziacha kwenye jedwali, na hakuna aliyenionya, si muuzaji, si kitabu chake kinene chenye ukurasa mzima wa jinsi ya kubadilisha picha yako. Kwa mashine, wateja wote walikuwa watu wa feti.

Jumamosi saa nne nilikuwa kwa Mama Ngalula, mwalimu mstaafu, aliyefiwa na mume wake Alhamisi. Nilikuwa nimetumwa kuangalia kama viti vinatosha na kutoa pole kwa niaba ya nyumba. Mjane alikuwa ndani na wanawake wenzake, chini kwenye mikeka. Wanaume walikuwa nje kwenye viti vyetu, chini ya hema letu, na Papa Célestin, msimamizi wa shughuli, alikuwa ameshika simu ya mjane na kusoma kwenye mikrofoni kila salamu ya pole iliyoingia. Simu ikalia. Huyu baba hasomi kwanza kwa macho, niambieni ni shule gani inafundisha hivyo, anafungua mdomo na kilichomo kinatoka:

"Mupendwa client, asante kwa kufanya feti na sisi. Tunaamini mulicheza muzuri. Mukirudia mbele ya miezi tatu, viti makumi mbili ni bure."

Sauti ilikuwa safi, siwezi kukana, spika zetu ni nzuri. Kisha nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja, vinatafuta fulana.

Mtu mwenye akili angekwenda kupiga magoti. Mimi nikatoa simu. Nikafungua programu, nikafuta habari za feti, nikaandika kwamba tunawapa pole sana kwa msiba na Mungu awape nguvu ya kuvumilia, nikabonyeza kutuma tena, nikiamini inakwenda kwa Mama Ngalula peke yake kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa mbele yangu. Ikaenda kwa wote. Kampemba kuna bibi arusi aliyeupata mlangoni pa ofisi ya komini, akienda kuandikisha ndoa, gauni limeshikwa na shangazi wawili, na shangazi mmoja akaanza kulia palepale akiuliza ni nani amekufa. Baba mmoja mwenye ubatizo alimpigia Mama Zaina na kumwuliza kwa upole kama anajua jambo ambalo wao bado hawajaambiwa.

Mama Zaina alifika kwa taxi-moto, pikipiki ya abiria, kilemba kimekaa upande, simu inalia mfululizo mkononi. Hakunitukana, na heri angenitukana. Alinishika mkono, akaniingiza ndani kwa mjane, tukaketi kwenye mkeka, akasema yeye ndiye aliyekosa. Yeye, ambaye hata kuiwasha kompyuta hajui. Nilitaka kueleza juu ya rangi na juu ya muuzaji, akanibana vidole nikanyamaza. Hapo ndipo nilipoona kwamba sikuwa nimechezea kazi yangu, nilichezea jina la mama huyu, miaka ishirini na miwili, kwa sababu nilichoka kunakili.

Mama Ngalula alitutazama kwa jicho lile la mwalimu anayengoja mtoto aseme mwenyewe. Nikasema.

"Mama, ni miye njo nilifanya. Mama Zaina hakuyua kintu."

Akaniuliza kama ujumbe wote niliuandika mimi, na ile ahadi ya viti pia. Nikakubali.

"Basi leta ile viti makumi mbili," akasema, akielekeza kidole mlangoni, kwa wakwe zake waliokosa viti. "Ba-belle-famille batoka Mitwaba asubui, beko nasimama ku jua. Na miye siwezi kurudilia, mutoto yangu. Bwana nilikuwa naye moya tu."

Mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo kwa kitenge, kisha mwingine, kisha mjane mwenyewe akawa anacheka na kulia kwa pamoja, na Mama Zaina akalia naye. Viti nilivibeba mwenyewe kutoka depo, vitano vitano kichwani, safari nne, mtaa mzima ukisoma mgongo wangu. Wiki iliyofuata tulizunguka na Mama Zaina nyumba nyingine zote za kijivu, tukaketi chini kila mahali.

Muuzaji nilimpigia Jumatatu. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemvumilia mjinga, kwamba rangi si data. Kijivu kile kilibeba adabu yote ya nyumba yetu, na yeye ananiambia si data. Nikamkatia simu.

Sasa jedwali lina safu mpya. Mama Zaina bado hataki neno lufu, kwa hiyo tunaandika "kucheza" kwa wenye feti au "kukaa" kwa wenye kilio. Wa kucheza, mashine iwatumie maneno yake, watanisamehe. Wa kukaa haitawagusa tena maadamu nipo. Kwao ninakwenda mwenyewe kwa miguu, bila fulana, ninaketi mkekani, na simu nimeiacha nyumbani.