Jiwe la Mwami, Mimi na Goreth

Nilipokuwa mtoto, kila likizo kubwa mama alitutoa mjini Bujumbura, mimi na dada yangu Goreth, wasichana wawili, akatupeleka kwa bibi, kwenye milima iliyo nyuma ya Kibenga. Karibu na kwa bibi kuna kilima kidogo. Juu yake imesimama miti ya kale, alama ya mahali palipokuwa na makao ya mwami, mfalme wa zamani. Chini ya miti kuna kaburi la askari Mjerumani ambaye hakuna anayejua jina lake, na pembeni jiwe bapa. Mwami, walisema, alilikalia akitazama ziwa. Mwanamke akilikalia, tumbo lake linafunga, hazai.

Siku moja tulipanda kuokota kuni. Jua lilikuwa kali, tukakaa sote wawili kwenye jiwe, tukala mapera. Bibi akatukuta.

"Mutoke hapo!" alipiga kelele. "Munataka kufa bila watoto?"

"Bibi, ni jiwe tu," Goreth alisema akicheka. "Mi siogopi."

Bibi hakucheka. Alimsimulia mama, na mama akawasimulia ndugu.

Goreth aliolewa mtaani Carama. Miaka ikapita bila mimba. Mama mkwe wake aliposikia habari za jiwe, habari za daktari zikaishia hapo.

"Apana, tatizo tunalijua," alimwambia mama. "Mutoto wenu alijifunga mwenyewe."

Mume wa Goreth hakukubali kupimwa. Dada yangu akarudishwa nyumbani na godoro lake. Yule bwana akaoa mwingine, na huyo naye hajazaa hadi leo, ingawa kilima chetu hakijui hata kwa jina.

Mimi nimezaa. Nilimkumbusha mama: "Mama, mi pia nilikaa pale."

Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "We ulikuwa mudogo," alisema.

Bibi alipofariki, wanawake waliojaa uani walimsifu kwamba alikuwa akiona mbali, kila alilosema lilitimia. Goreth alikuwa akiwagawia chakula. Nilimtazama nikingoja akasirike. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akikubali.

Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko talaka. Mume alimfukuza tu. Kumfanya aamini kwamba alistahili, hiyo ilikuwa kazi yetu sisi tuliompenda.